Shajara ya mradi: kisomaji cha QR kinachokuambia unapelekwa wapi

Machi, mwanzoni

Mradi umeanza. Lengo lake ni dogo: programu ya simu inayosoma msimbo wa QR (ule mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe), ikamweleza mtu kwa maneno ya kawaida kilichomo ndani yake, na isifungue chochote mpaka mwenye simu akubali. Isome hata pasipo intaneti. Isimwombe mtu ruhusa yoyote zaidi ya kamera. Na iende vizuri kwenye simu ya zamani isiyo na nafasi ya kutosha.

Kamera za simu nyingi siku hizi zinasoma misimbo zenyewe, na hilo ndilo lililonivuta. Kusoma kumekuwa kwepesi mno: mtu anaelekeza kamera, anabonyeza, ukurasa umeshafunguka, na hapo katikati hakuna aliyeuliza lolote. Kwa miaka mingi shida ilikuwa kuwashawishi watu waskani. Shida hiyo imekwisha. Iliyobaki ni kuwapa nafasi ya kujua wanakubali nini, na nafasi yenyewe ni sekunde moja au mbili tu kati ya kuskani na kufungua. Sekunde hizo ndizo ninazozitengenezea skrini.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu nitapitia jinsi watumiaji walivyoipokea teknolojia hii, pale ilipokataliwa na pale ilipokubalika. Nataka kila uamuzi wa usanifu uwe na sababu iliyotokana na mambo yaliyokwisha kutokea.

Machi, mwishoni: kwa nini watu hawakuskani, kisha wakaskani

Nimesoma mengi mwezi huu, na naandika hapa yale yatakayoongoza kazi.

Msimbopau wa mistari ni mkongwe. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1952, lakini bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye skana ya dukani kwa mfumo wa UPC (msimbopau wa bidhaa za madukani) ilisubiri hadi tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio: pakiti ya chingamu za Wrigley's. Kadiri skana zilivyoenea, mnunuzi aliusikia mlio wake kila alipolipa, ila mkono ulioskani haukuwa wake. Hata QR yenyewe haikuundwa kwa ajili ya mnunuzi. Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, Japani, waliitoa mwaka 1994 ili kufuatilia vipuri vya magari, kwa kuwa msimbopau ulibeba habari kidogo mno na wafanyakazi walilazimika kuskani mingi kwa boksi moja. Denso ilibaki na hataza lakini ikatangaza kwamba haitaitumia kuwazuia watu wanaofuata kiwango kilichokubaliwa. Mwaka 2000 kiwango hicho kikawa cha kimataifa, ISO/IEC 18004. Naamini bila uamuzi ule wa kuachia, mimi leo nisingekuwa na mradi.

Jaribio la kumkabidhi mtu wa kawaida skana yake mwenyewe lilikuja mwaka huo huo wa 2000 nchini Marekani. Kampuni ya Digital Convergence ilikigawa bure kifaa kiitwacho CueCat, chenye umbo la paka, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Msomaji wa gazeti aliona msimbo, akapitisha kifaa juu yake, na kivinjari kikafungua ukurasa. Sharti lilikuwa kuketi na gazeti mbele ya kompyuta iliyowashwa, yenye kibodi kamili ambayo ingeandika anwani ile ile kwa muda ule ule. Watu hawakuona faida, na kifaa hakikudumu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2002, simu zenye kisomaji cha QR ndani yake zilianza kuuzwa Japani. Wazo ni lile lile, mazingira ni mengine kabisa. Simu za wakati ule zilikuwa na vitufe vya namba, herufi moja ikitaka kubonyezwa hadi mara tatu au nne. Kuandika anwani ya tovuti ilikuwa adha. Msimbo uliiondoa adha hiyo, na haukumdai mtu kupakua kitu.

Marekani na Ulaya zikaingia enzi za simu janja bila kisomaji. Mtu aliyeona msimbo ukutani alipaswa kwanza kutafuta programu, aipakue, aifungue, alenge, asubiri. Mara nyingi baada ya safari yote hiyo alifikishwa kwenye ukurasa uliotengenezwa kwa skrini ya kompyuta, maandishi madogo kama punje za mchanga. Kampuni ya utafiti ya comScore iliripoti kuwa mwezi Juni 2011 waliowahi kuskani kwa simu nchini Marekani ndani ya mwezi huo walikuwa milioni 14, sawa na asilimia 6.2 ya wenye simu za mkononi. Idadi hiyo mimi siioni ndogo. Ni watu milioni 14 waliovumilia safari ndefu kuona kuna nini upande wa pili, na wengi wao hawakukuta cha maana.

Microsoft nayo ilileta msimbo wake wa pembetatu za rangi, Microsoft Tag, mwaka 2009. Ulivutia macho, lakini ulisomwa na programu yake peke yake kupitia huduma yake peke yake. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa huduma itafungwa, na mwaka 2015 ikafungwa. Tangazo lililotegemea huduma hiyo likabaki picha.

China ilipita njia nyingine. Kisomaji kiliwekwa ndani ya WeChat na Alipay, programu ambazo watu walikuwa nazo mikononi kutwa nzima. Mtu aliskani kumwongeza rafiki, kesho yake akaskani kulipa. Hakuna aliyeombwa kujifunza teknolojia mpya. Aliombwa kubonyeza kitufe kingine kwenye kitu alichokizoea.

Kwingineko mlango ulifunguka Septemba 2017, iOS 11 ilipoifanya kamera ya iPhone isome QR yenyewe, na simu za Android zikapata uwezo huo huo hatua kwa hatua. Hatua ya kupakua ikafa. Kisha mwaka 2020 janga la korona likaleta sababu: kugusa kitu kilichoguswa na wengine kukawa jambo la kuogopwa, na msimbo ukashika nafasi ya karatasi, fomu na daftari la wageni. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia cheti chake cha korona chenye QR tarehe 1 Julai 2021. Watu ambao hawakuwahi kuskani maishani walifundishwa mlangoni na bawabu.

Nikiyaweka yote pamoja naona masharti mawili: hatua ziwe chache, na upande wa pili kuwe na kitu ambacho mtu anakitaka hasa. Palipokosekana moja, watu walikataa, na walikuwa na haki.

Hapo ndipo mradi wangu unapobanwa. Programu yangu inarudisha hatua. Imeondolewa kwa jasho la miaka kumi na tano, nami nataka kuirejesha! Kwa hiyo skrini yangu ni lazima isomeke kwa kutupia jicho tu, na impe mtu kitu ambacho asingekipata bila hiyo. Isipofanya hivyo, itaachwa kama CueCat.

Aprili: kusoma picha

Toleo la watu litatumia ZXing, maktaba huria (mkusanyiko wa programu ulio wazi kwa wote) ya kusoma misimbo iliyoanzishwa na wahandisi wa Google. Hata hivyo nimeandika kisomaji changu kidogo kando, ili nijue hasa kusoma kunakwama wapi. Ujumbe wa "imeshindikana" hauna msaada kama programu yenyewe haijui kwa nini.

Kazi inaanzia kwenye ile miraba mitatu ya pembeni. Ukipitisha mstari katikati ya mraba mmojawapo, kwa upande wowote, unakutana na nyeusi, nyeupe, nyeusi nene, nyeupe, nyeusi, kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Hara na wenzake walichambua machapisho ya kila aina wakitafuta uwiano wa weusi na weupe unaojitokeza kwa nadra kuliko mwingine wowote, ili mashine isiudhanie mraba kuwa ni maandishi au picha. Programu yangu inapita picha mstari kwa mstari ikitafuta uwiano huo tu. Ikipata mitatu, inajua juu ni wapi, kwa sababu pembe ya nne haina mraba. Ndiyo maana unaweza kuushika msimbo kichwa chini na bado ukasomeka.

Baada ya hapo inahesabu visanduku kwa kufuata ule mstari wa nukta nyeusi na nyeupe unaounganisha miraba. Msimbo mdogo kabisa una visanduku 21 kila upande, mkubwa kabisa 177. Kando ya miraba kuna biti 15 (biti ni 0 au 1) zilizoandikwa mara mbili kwa tahadhari. Ndizo zinazosema kiwango cha urekebishaji wa makosa na ni barakoa gani (mchoro wa kugeuza rangi za visanduku) kati ya nane iliyotumika kuvunja mabaka makubwa ya rangi moja. Ukiivua barakoa, unasoma data kuanzia kona ya chini kulia, safu mbili mbili, ukipanda na kushuka.

Kipande kilichonifurahisha kuliko vyote ni urekebishaji wa makosa. Hesabu yake ni ya Irving Reed na Gustave Solomon, waliyoichapisha mwaka 1960. Kuna viwango vinne, L, M, Q na H, vinavyoweza kurejesha takriban asilimia 7, 15, 25 na 30 ya data iliyoharibika. Nimechapisha msimbo wa kiwango H na kuufunika kwa vipande vya karatasi, kimoja baada ya kingine. Nikifunika katikati, data inarudi kamili, herufi kwa herufi, na kuiona ikirudi kunanipa heshima kubwa kwa watu waliokaa wakaifikiria. Nikihamishia kipande kidogo zaidi juu ya mraba mmoja wa pembeni, kisomaji hakioni kitu. Data yote ipo salama, ila mlango umezibwa, na kiwango cha urekebishaji hakiwezi kusaidia hapo.

Kutokana na jaribio hilo programu sasa inatoa ujumbe tofauti. Ikiona miraba miwili tu, inasema: "Onyesha pembe zote za msimbo." Ikiona mitatu lakini data haipatani, inasema: "Msimbo umeharibika au picha haijatulia."

Pia lazima pawe na ukanda mweupe kuzunguka msimbo, upana wa visanduku vinne. Wabunifu wa mabango wanaukata kila siku ili msimbo ukae vizuri kwenye fremu. Wasiukate.

Mei: urefu wa kiungo

Niliacha programu kwa muda nikaangalia upande wa wanaotengeneza misimbo, maana msimbo mbaya unamlaumisha msomaji asiye na kosa.

Jambo moja halijulikani vya kutosha. QR ina njia kadhaa za kuhifadhi maandishi. Namba tupu zinabanwa vizuri kuliko zote, tatu kwa biti 10. Kisha kuna seti ya alama 45: tarakimu, herufi kubwa, nafasi na alama chache kama nukta, mkwaju na nuktapacha, mbili kwa biti 11. Herufi ndogo hazimo. Zikiwapo, kila moja inachukua biti 8. Kiungo cha alama 24 kikiandikwa kwa herufi kubwa kinaenea kwenye msimbo mdogo kabisa wa 21 kwa 21 katika kiwango L. Kile kile kikiandikwa kwa herufi ndogo kinadai 25 kwa 25. Jina la tovuti halijali ukubwa wa herufi, kwa hiyo sehemu hiyo inaweza kuandikwa HIVI bila madhara. Kinachofuata baada ya jina ndicho cha kuangalia, kwa sababu seva nyingi zinatofautisha herufi kubwa na ndogo hapo.

Waliobuni cheti cha korona cha Ulaya walilijua hili. Walizibadilisha data zao kwa mfumo uitwao Base45, uliopimwa sawasawa na alama 45 za QR, ili cheti chenye jina, tarehe na sahihi ya kidijitali kisomeke kwenye karatasi ya kawaida na kwenye simu ya kawaida.

Juni: kuwatazama watu

Hii imekuwa sehemu yenye thamani kuliko zote. Nimewaomba watu wa rika mbalimbali watumie toleo la majaribio nami nikikaa kando kimya.

Wengi wanasogeza simu karibu mno. Inaeleweka: kitu usichokiona vizuri unakikaribia. Lakini lenzi inashindwa kulenga, picha inafifia, nao wanazidi kusogea. Kanuni ya wachapishaji ni kwamba msimbo unasomeka vizuri kwa umbali wa takriban mara kumi ya upana wake. Wa sentimita 3, basi sentimita 30 hivi. Sasa picha ikififia huku msimbo umejaza skrini, programu inasema "Rudi nyuma kidogo," na inavuta picha yenyewe.

Wengine wanapiga picha. Kamera wanaijua kwa kupiga picha, hivyo wanatafuta kitufe cha duara na kukibonyeza, kisha wanasubiri. Sikuona sababu ya kuwafundisha vingine. Nimeweka kitufe cha duara pale pale kinapokaa siku zote, na kikibonyezwa programu inasoma picha iliyopigwa. Asiyekibonyeza anasomewa vilevile.

Mama mmoja, mtu mzima, alielekeza simu vizuri kabisa, akauona msimbo umezungushiwa mstari wa kijani, kidole chake kikasimama juu ya skrini.

"Mwanangu, nikibonyeza hapa itanipeleka wapi?"

"Soma hapo juu, mama. Imeandikwa jina la tovuti."

"Hilo jina nalisoma. Nauliza, ni la nani?"

Swali hilo nimeliandika juu ya ubao wangu wa kazi. Kijana aliyefuata baada yake alibonyeza "Fungua" kabla hata skrini haijamaliza kuchorwa. Mama alisoma na hakuridhika, kijana hakusoma kabisa, na programu ni lazima iwafae wote wawili. Kwa kijana nimefanya hivi: "Fungua" haiko tena pale kidole kilipokuwa kinaskani, na haipokei mguso katika nusu sekunde ya kwanza. Kwa mama bado kazi ipo.

Kwa wasioona nimeongeza mtetemo. Mraba mmoja ukionekana simu inatetema mara moja, miwili mara mbili, yote mitatu inatoa mlio. Mtu anaisogeza simu taratibu mpaka asikie mlio, na jina la tovuti linasomwa kwa sauti kabla ya kitu kingine.

Julai: misimbo ya malipo

Malipo ndiyo yaliyoifanya QR kuwa jambo la kila siku kwa mamilioni ya watu, na ndiyo yaliyowavuta wezi. Mbinu yao haihitaji ujuzi wa kompyuta: wanachapisha stika yenye msimbo wao na kuibandika juu ya msimbo halali. Mapema mwaka 2022 polisi wa Austin, Texas, waliwaonya watu juu ya stika za aina hiyo zilizobandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho, na mwezi huo huo FBI ikatoa tahadhari kwa nchi nzima. Benki Kuu ya China ilikuwa imeshalishughulikia mapema: kuanzia Aprili 2018, malipo kwa misimbo isiyobadilika yaliwekewa kikomo cha yuani 500 kwa siku kwa mteja, kwa sababu msimbo uliochapishwa ukakaa ukutani ni rahisi kubadilishwa.

Nimeandika sehemu inayosoma misimbo ya malipo inayofuata kiwango cha EMVCo, muungano wa kampuni za kadi za malipo, cha mwaka 2017, ambacho nchi nyingi zimekijengea mifumo yao. Ni maandishi ya kawaida kabisa ukijua kuyagawa: namba ya sehemu, urefu wake, kisha thamani. Msimbo unaanza na 000201. Sehemu ya 01 ikiwa na thamani 11, msimbo ni wa kudumu. Ikiwa 12, umetengenezwa kwa malipo hayo tu. Ya 53 ni sarafu, ya 54 ni kiasi kama kimewekwa, ya 59 ni jina la mpokeaji. Mwishoni kuna 6304 na alama nne za kuhakiki.

Programu inaonyesha: "Malipo. Jina lililoandikwa kwenye msimbo: ... Kiasi: utaingiza mwenyewe." Maneno "lililoandikwa kwenye msimbo" nimeyatia kwa makusudi na sitayaondoa. Zile alama nne za kuhakiki zinagundua kusomwa vibaya, hazigundui udanganyifu. Yeyote anaweza kuzikokotoa. Aliyetengeneza msimbo ndiye aliyeandika jina. Jina la kuaminiwa ni lile linalotolewa na programu ya malipo yenyewe baada ya kuitafuta akaunti, dakika ya mwisho kabla ya namba ya siri. Kwa hiyo ujumbe wangu unaendelea: "Linganisha na jina utakaloliona kabla ya kuthibitisha." Cheti cha korona kilikuwa na sahihi ya kidijitali, ukibadilisha herufi moja inakataliwa. Misimbo ya malipo ya kubandikwa ukutani kwa kawaida haina kinga hiyo, na mlipaji anastahili kuambiwa.

Agosti: skrini ya sekunde mbili

Nimerudi kwa swali la mama. Tovuti ni ya nani?

Jibu kamili siwezi kulitoa bila intaneti, lakini naweza kuondoa ukungu. Matapeli wanategemea macho yaanzie kushoto. Wanaandika benkiyako.example.com, na mtu anaona benki yake. Mwenye tovuti ni example.com, kilicho mbele yake amekiandika apendavyo. Au wanaweka jina linaloaminika kabla ya alama ya @, ambapo kivinjari kinakwenda kwenye kilicho baada yake. Programu sasa inaandika kwa herufi kubwa zilizokolea jina la mwenye tovuti tu, na mengine kwa rangi hafifu chini. Ili ijue jina linaanzia wapi inatumia nakala ya orodha ya viambishi inayotunzwa na Mozilla, kwa maana .co.uk si sawa na .com. Jina likichanganya herufi za Kilatini na za Kisirili (zinazotumika kuandika Kirusi) zinazofanana nazo, linazungushiwa mstari mwekundu na maneno: "Jina hili lina herufi za kuiga."

Viungo vifupi vimenichukua muda mrefu zaidi. Misimbo mingi ya matangazo haibebi anwani ya mwisho, inabeba anwani ya huduma ya katikati inayomwelekeza mtu kwingine. Mwenye tangazo anapenda hivyo, kwa sababu anaweza kubadilisha mwisho wa safari baada ya kuchapisha, na anahesabu walioskani. Madhara yake ni kwamba siku mkataba wa huduma ukiisha, bango linabaki na msimbo uliokufa, au unaoelekea kwa mtu mwingine. Programu ingeweza kufuata kiungo kimyakimya na kuonyesha kinakoishia. Nimekataa. Kufuata ni kutembelea. Anwani ya mtandao ya mtu ingefika huko kabla hajakubali. Inaandika badala yake, "Hiki ni kiungo cha kupitia," na kuna kitufe cha pili, "Angalia kinakoishia," kwa anayetaka.

Misimbo ya Wi-Fi ilikuwa rahisi. Inaanza na WIFI: na ndani kuna jina la mtandao, aina ya ulinzi na nenosiri. Hii watu wanaipenda bila kushawishiwa, maana nani anataka kuandika nenosiri refu la watu?

Kuna aliyenishauri nikusanye takwimu za viungo vinavyoskaniwa ili programu ijifunze kipi ni hatari. Najua ingesaidia kukamata baadhi. Lakini orodha ya kila kitu mtu alichoskani ni orodha ya mahali alipokaa, alichonunua, aliyemlipa na hospitali aliyoingia. Sitaihifadhi, hata kwenye simu yenyewe, mpaka mtu aombe.

Septemba: hali ilivyo

Yanayofanya kazi: kusoma bila intaneti, viungo, Wi-Fi, kadi za mawasiliano, malipo ya EMVCo, ujumbe wa umbali na wa pembe, mtetemo. Kwenye simu ya zamani niliyonayo programu inafunguka na kusoma kabla mtu hajaanza kushangaa, nami sitakubali ipungue hapo.

Ambayo hayajakaa sawa: misimbo iliyochorwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi inasomeka pole pole, na misimbo kwenye chupa za mviringo inahitaji kazi zaidi, kwa vile kuhesabu visanduku kunadhani karatasi imenyooka.

Watumiaji wa majaribio wameanza kufanya jambo nililolitaka bila kuambiwa: wanasoma jina kwa sauti. Hata yule kijana, safari hii alisimama kwenye kiungo chenye mstari mwekundu na kuuliza herufi za kuiga ni zipi. Nimeongeza maelezo hapo, mtu akigusa jina anaonyeshwa herufi yenyewe.

Kazi inayofuata ni bidhaa. GS1, shirika linalosimamia misimbopau duniani, limeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 mashine za kulipia madukani ziweze kusoma misimbo ya pande mbili sambamba na ile ya mistari. Msimbo mmoja utatumika kwenye skana ya keshia na kwenye simu ya mnunuzi, na ndani yake ni kiungo kilichopangwa kwa utaratibu: baada ya /01/ namba ya bidhaa yenye tarakimu 14, baada ya /10/ namba ya toleo la kiwandani, na mtengenezaji akipenda, 17= ikifuatwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Visomaji vya simu vilivyopo vitakiona kama kiungo kingine tu na kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Lakini 17=271231 ni tarehe 31 Desemba 2027, na haihitaji ukurasa wa mtu yeyote kusomeka. Ninaanza na hiyo: tarehe iandikwe kwa ukubwa juu ya skrini, isomwe kwa sauti kwa asiyeona yale maandishi madogo yaliyopigwa muhuri chini ya chupa, na kiungo kikae chini yake kwa atakayekitaka.